Kuta za Kiponda ndani ya kompyuta

Chumba cha ghorofa ya kwanza, kile cha upande wa kibla, kina kona nne na hakuna hata moja yenye nyuzi 90. Ukuta wenye mlango una urefu wa mita 5.92, unaoukabili una mita 6.07. Nyosha futi kutoka kona hadi kona, kisha rudia kwa zile kona mbili nyingine: vipimo vinaachana kwa sentimita 19. Ukuta wa nje una unene wa sentimita 61 chini ya dirisha na 54 juu yake, na katikati umetoa tumbo kuelekea uchochoroni. Na hicho ndicho chumba kilichonyooka kuliko vyote katika nyumba hiyo.

Nimeanza na vipimo kwa makusudi. Vijana wa usanifu majengo wanaokuja kufanya mazoezi ofisini kwetu huniuliza swali lile lile: “Dada, BIM na Mji Mkongwe, wapi na wapi?” Wanaijua BIM (Building Information Modelling, yaani kujenga kwenye kompyuta modeli ya jengo yenye taarifa zake) kwa majengo ya Dar es Salaam, ghorofa kumi na kitu, nguzo kila baada ya mita sita, tofali la aina moja kuanzia chini hadi juu. Huko haihitaji kutetewa. Huku kwetu, kwenye mawe na chokaa, wanaona ni kujitafutia kazi. Jibu langu huwa refu, chai inapoa, kwa hiyo safari hii nimeamua kuliandika.

Nyumba yenyewe iko Kiponda, mtaa wa Mji Mkongwe, Unguja. Imekuwa ya familia moja tangu enzi za babu wa babu yao. Warithi wengine wako Maskati, mmoja yuko Dar, na shangazi yao, ambaye sote tunamwita Bibi, hajahama wala hana nia ya kuhama. Wanataka vyumba vinne vya wageni juu ili nyumba ijilipie matengenezo yake, na Bibi abaki chini na baraza lake.

Kwa asiye wa fani yetu: zamani, na kwa wengi hadi leo, tulichora mistari. Mistari miwili sambamba ni ukuta kwa sababu mimi na fundi tumekubaliana hivyo. Kompyuta haina habari. Katika BIM unaweka ukuta wenyewe, wenye kimo, unene na matabaka yake, na dirisha unalolitia linajua liko kwenye ukuta gani. Sogeza ukuta, na plani, sekisheni (mchoro wa jengo kana kwamba limekatwa wima) na orodha ya vifaa vyote vinasogea pamoja. Fikra hii ni ya kitambo. Charles Eastman wa Marekani aliandika mwaka 1975 akipendekeza kompyuta ichukue nafasi ya michoro katika usanifu. Programu ya ArchiCAD ya Graphisoft, kampuni ya Budapest, ilianza miaka ya 1980. Revit ilitoka mwaka 2000. Kufikia Aprili 2016 serikali kuu ya Uingereza ilikuwa imeifanya BIM kuwa sharti katika miradi yake.

Lakini kila programu imezaliwa mahali. Revit kwa miaka ishirini ilitaka ukuta usimame wima. Toleo la 2021 ndilo lililoruhusu ukuta ulioinama, na la 2022 likaongeza ukuta unaopungua unene kadiri unavyopanda. Niliposoma tangazo hilo nilicheka peke yangu ofisini. Waashi wa mwambao wamekuwa wakipunguza unene wa ukuta ghorofa kwa ghorofa tangu kabla ya umeme kufika Unguja. Silaumu: aliyeandika programu aliandika kuta alizoziona, za mbao na jipsamu, zilizopimwa kiwandani. Ukifungua maktaba ya kuta utakuta za kila namna, ila ya matumbawe haimo. Hiyo unaitengeneza mwenyewe, na hapo ndipo unapogundua kwamba hujui ukuta umetengenezwa kwa vitu gani.

Kwa sababu ukuta wa Kiponda ni kitu gani hasa? Ni mawe ya matumbawe ambayo hayakuchongwa sana, yamepangwa pande mbili na kujazwa vipande vidogo katikati, yameshikwa kwa chokaa na udongo. Kiasi gani cha chokaa na kiasi gani cha udongo kilitegemea mwenye nyumba alikuwa na uwezo gani mwaka huo. Juu ya kuta zimelazwa boriti za mikoko, juu ya boriti mabamba ya matumbawe, juu ya mabamba zege nene la chokaa. Boriti ya mkoko iliyonyooka vya kutosha kubeba sakafu hiyo haivuki sana mita 3, ndiyo maana vyumba vyetu vya zamani ni virefu na vyembamba: upana umewekwa na mti, urefu umeachiwa mwenyewe. Watu wa programu wana neno zito kwa mpango wa namna hii, ambapo kipimo kimoja kinaburuta vingine vyote. Hapa kipimo hicho kilikuwa kinaelea baharini kwenye jahazi kutoka deltani Rufiji.

Tulianza kupima kwa mikono. Futi, timazi, na mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaopitisha nuru ambao hauishiwi betri. Mpira huo ndio uliotuambia kuwa sakafu ya chumba cha kibla iko chini ya ukumbi kwa sentimita 8, jambo ambalo Bibi alikuwa akilijua kwa miguu yake. Kwa kuiweka nyumba mahali pake kati ya majirani tulitumia picha za angani za mradi wa ndege zisizo na rubani ulioanza mwaka 2016, ambao vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki kuzirusha juu ya Unguja na Pemba. Mapaa ya bati yanaonekana moja moja, hata viraka.

Kisha tukakodi skana ya leza pamoja na mpimaji wake. Mashine inasimama juu ya miguu mitatu, inazunguka na kurusha mwanga, na kwa mwanga unaorudi inajua ukuta uko umbali gani. Kila ilipowekwa ilileta mamilioni ya pointi, na kila pointi ina anwani yake: kulia kiasi gani, mbele kiasi gani, juu kiasi gani. Unaziunganisha seti zote kwa alama za karatasi zilizobandikwa ukutani, na unapata wingu la pointi lenye umbo la nyumba. Ndani ya wingu letu kuna kanga za Bibi kwenye kamba ya uani. Kuna paka aliyekatwa vipande kwa sababu hakutulia. Na kuna chumba kizima kisichokuwapo: kioo kikubwa cha kabati kilirudisha mwanga, mashine ikaamini kwamba nyuma ya ukuta kuna chumba kingine chenye kitanda na feni, kikiwa kimening'inia juu ya nyumba ya jirani. Kijana wetu alitaka kukifuta mara moja. Nilimwambia akiache kwanza mpaka kila mmoja ofisini akione, ili wasije wakaamini pointi kwa sababu tu ni nyingi.

Simu zenye leza ndogo, zile zilizoanza kutoka mwaka 2020, nazo tulizijaribu. Zinafika mita 5 hivi. Kwa kidaka kimoja, au nakshi ya mlango, zinafaa sana. Ukizunguka nazo nyumba nzima, ukirudi ulipoanzia ngazi zimehama.

Lile tumbo la ukuta lilionekana vizuri katika CloudCompare, programu ya bure kutoka Ufaransa. Unasimamisha bapa wima mbele ya ukuta, programu inapaka rangi kila pointi kwa kadiri inavyoachana na bapa hilo. Sentimita 11 kwenye kilele, mita 1.4 juu ya sakafu. Nikampelekea laptopu fundi wetu mkuu, mzee wa Makunduchi aliyekuwa akitengeneza kuta za mji huu kabla mimi sijaanza skuli.

“Shikamoo mzee. Tazama hili.”

Akatazama, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. “Marahaba. Ndiyo, tumbo hilo. Na ndani mna nini, mwanangu?”

Sikuwa na jibu, wala mashine haikuwa nalo. Akaenda kwenye ukuta wenyewe akaugonga kwa vidole vilivyokunjwa, kushoto kwenda kulia, kichwa akiwa ameinamisha. Mahali pengine sauti ilikuwa nzito, pengine ikalia tupu. “Hapa ngozi imeachana na nyama,” akasema. Ngozi ni plasta ya saruji iliyopigwa miaka ya nyuma juu ya ukuta wa chokaa. Saruji ni ngumu na haipumui. Unyevu unaopanda kutoka chini ukikosa njia ya kutokea hukaa nyuma yake, chumvi inakusanyika, chokaa ya asili inalegea, na saruji inabaki imesimama peke yake kama kawa. Ukuta unaonekana mzima, umepakwa rangi, huku udongo wa ndani unageuka vumbi. Leza inarudi na taarifa nzuri kabisa ya uso wa kawa.

Sasa rudi kwenye programu. Inataka matabaka: hili sentimita 3, hili 52, hili 3. Kisanduku kiko wazi, mshale unamweka, na kijana anayefanya kazi hiyo ana saa moja kabla ya kwenda nyumbani. Anajaza. Namba ikishajazwa inafanana na namba nyingine zote. Ile iliyotoka kwenye leza, ile iliyotoka kwa fundi, ile ya kubahatisha, zote zina desimali mbili. Mimi naona hii ndiyo hatari kubwa ya BIM katika majengo ya zamani kuliko kupotea kwa ufundi au mengine yanayosemwa kwenye makongamano. Mchoro wa penseli ulikuwa na aibu yake: mahali ambapo mchoraji hakujua, mstari ulififia au uliandikwa alama ya kuuliza. Modeli haina aibu. Ukuta unaoujua na ukuta unaoubuni vinang'aa sawasawa.

Kwa hiyo tuliongeza sifa moja. Katika BIM kila kitu kinaweza kubeba taarifa yoyote utakayo, bei, siku ya kuletwa, namba ya risiti. Sisi tukakipa kila ukuta, kila sakafu, boriti na mlango kisanduku kinachoitwa “Tumejuaje”. Majibu ni manne tu: imepimwa, imeonekana, imeambiwa, imekisiwa. Pembeni jina la aliyesema na tarehe. Kuacha wazi hairuhusiwi. Kukisia kunaruhusiwa, mradi useme umekisia. Kisha tukaamuru programu ipake rangi, kijani kwa kilichopimwa hadi nyekundu kwa kilichokisiwa. Nyumba ilitoka kijani kwa nje na nyekundu ndani, karibu yote.

Mhandisi wa miundo alipoiona hakutaka tena kubandua plasta nyumba nzima. Alichagua maeneo machache mekundu yanayobeba mzigo mkubwa, akasema tutoboe hapo. Pia alitaka uzito wa ukuta. Maktaba ya programu ilikuwa na mawe ya chokaa ya Ulaya, namba ipo tayari, bonyeza tu. Tuliacha kisanduku kitupu mpaka matundu yalipofunguliwa, tukachukua mabonge yaliyotoka, tukayapima kwenye mizani ya duka la jirani, kisha tukayatia kwenye ndoo ya maji yakiwa yamefungwa plastiki, maana matumbawe hunywa maji. Muuza duka alituuliza kama tunauza vito. Namba tuliyoipata si ya maabara, na kwenye modeli imeandikwa hivyo hivyo: imepimwa, ndoo na mizani, dukani.

Kisanduku cha “imeambiwa” ndicho kilichotulipa zaidi. Bibi hakupenda mashine lakini alipenda kuulizwa. Jioni moja barazani, wakati anachambua mchicha, aliniambia kwamba zamani palikuwa na mlango kati ya chumba cha kibla na ukumbi mdogo, karibu kabisa na ukuta wa nje, nao watoto walipita hapo kukwepa wageni. Baba yake aliuziba alipopangisha upande ule. Hakuna mchoro wala hati inayoonyesha mlango huo. Kijana wetu akauingiza: umbo la mstatili, imeambiwa, Bibi. Kisha akarudi kwenye wingu la pointi na kupunguza kipimo cha rangi mpaka tofauti ndogo zionekane. Pakatokea mstatili uliozama sentimita 1.5, upana wa mlango, mahali pale pale.

Mzee fundi akafungua. Ndani ya mlango mlikuwa na matofali ya saruji yaliyojazwa moja juu ya jingine, hayakufungamana na mawe upande wowote. Mhandisi akakaa chini juu ya ndoo akautazama kwa muda. Ukuta huo wa kati ndio uliokuwa ukiushika ukuta wa nje usiende uchochoroni. Ulikatwa mara ya kwanza kwa mlango, na ulipozibwa haukuunganishwa. Ukuta wa nje ulibaki unasimama kwa ukaidi wake, ukisukumwa na sakafu, ukilowa chini ya ile saruji, hadi ukatoa tumbo. Sisi tulikuwa tumeanza kuzungumzia nguzo za chuma. Sasa dawa imekuwa kutoa matofali yale, kushona upya kona kwa mawe na chokaa pamoja na vyuma visivyoshika kutu, na kuvua saruji upande wa nje.

Boriti nazo zina simulizi yake. Katika jengo jipya huchori kila nondo kwa jina lake. Hapa kila boriti iliingia kwenye modeli ikiwa na namba, kipenyo cha kila mwisho (maana mti si bomba) na hali yake: nzima, imeoza kichwa, imeliwa na mchwa. Kichwa, yaani sehemu iliyoingia ukutani, ndicho huanza kuoza kwa sababu ndicho kinachokaa na unyevu. Katikati ya chumba unaweza kuipiga ngumi, ikawa ngumu kama jiwe, kumbe mwisho wake unachomeka bisibisi hadi mpini. Tulizichomeka zote. Sakafu ya ghorofa ya kwanza ina boriti 143, na 38 zilikuwa zimeoza kichwa.

Programu ikatoa orodha: 38. Mwuza boriti hauzi 38. Anauza kwa korija, na korija ni boriti 20. Nikaongeza safu kwenye jedwali inayogawa kwa 20 na kupandisha hadi korija kamili, ikatoka korija 2, mbili zikiwa za akiba. Ni jambo dogo, lakini mkadiriaji majenzi wetu alilipenda kuliko picha zote za rangi, kwa sababu ndilo aliloweza kulipeleka sokoni. Boriti nzuri zimekuwa adimu na ukataji wa mikoko unataka kibali. Ukiagiza pungufu hurudi kesho kuongeza.

Halafu vyoo. Mpango wa kwanza, uliochorwa na jamaa wa familia, uliweka bafu la kila chumba upande wa dirisha ili mgeni aoge akitazama mapaa ya mji. Bomba la choo lina kipenyo cha milimita 110 na tunataka lishuke sentimita 2.5 kwa kila mita. Boriti zimelala zote upande mmoja, nafasi kati yake ni sentimita 25 hivi, na boriti yenyewe ina unene wa sentimita 12 au 13. Bomba likienda sambamba nazo linapita. Likizikata, kila tundu ni boriti moja imekufa. Tulipoendesha ukaguzi wa migongano, bomba la bafu moja lilikuta boriti kumi na moja. Kwenye majengo mapya orodha ya migongano huwa na maelfu ya mistari, mingi ya upuuzi, na mtu hulipwa mshahara kuichambua. Hii yetu ilikuwa fupi na kila mstari ulikuwa na uzito. Mabafu yamehamia upande wa ua, moja juu ya jingine, kando ya kona ambamo choo cha zamani kilikuwa tangu nyumba ijengwe, na bomba linakimbia sambamba na boriti kwa mita moja na kidogo. Mgeni ataoga bila kutazama mapaa.

Familia tuliwapa modeli waifungue kwenye simu. Hapo nilijifunza kitu ambacho hakimo kwenye mafunzo yoyote ya programu. Modeli, kwa tabia yake, huhesabu mita za mraba za kila chumba hata hujaiuliza. Kufika usiku kundi la WhatsApp la familia lilikuwa limewaka: mbona chumba cha marehemu kaka ni kidogo kuliko tulivyoambiwa, mbona upande wa fulani umezidi. Kesho yake asubuhi nikaondoa safu hiyo kwenye nakala ya familia. Mirathi ina wenyewe wa kuigawa.

Waliomba pia picha za kompyuta, zile zenye jua la machweo na mito ya kitenge. Sikuzitoa mapema. Picha hizo hunyoosha kuta zenyewe na huonyesha plasta laini ambayo hakuna chokaa ya Unguja itakayoitoa, kisha mteja anakuja saiti na picha mkononi kumuuliza fundi kwa nini ukuta wake una mawimbi. Niliwatumia ile modeli ya rangi, kijani na nyekundu. Mrithi mmoja wa Maskati akajibu, “Nyumba inaumwa?” Nikamwambia hapana, ni sisi tusiojua. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayeuliza maswali mazuri.

Gharama lazima niseme. Ada ya mwaka ya programu kubwa inazidi mshahara wa miezi kadhaa wa kijana anayeanza kazi, na nakala za wizi zimejaa mjini, sitajifanya sijui. Siku hizi kuna njia nyingine. Bonsai, inayofanya kazi ndani ya Blender, programu ya bure ya kuchora maumbo ya pande tatu, na ambayo hadi mwaka 2024 iliitwa BlenderBIM, ni ya bure na inaandika moja kwa moja kwa IFC, muundo wa faili ulio wazi ambao tangu 2013 ni kiwango cha kimataifa cha ISO chenye namba 16739. Ni ngumu kuizoea, vitufe vyake vimefichwa mahali pa ajabu, lakini kwa kazi kama hii ambayo nusu yake ni kuandika taarifa, inatosha. Sisi tunatumia zote mbili na tunakabidhi IFC.

Sababu ya IFC si bei tu. Faili la programu nyingi za kibiashara likihifadhiwa kwa toleo jipya halifunguki kwenye toleo la zamani, na baada ya miaka kumi hujui nani atakuwa na leseni gani. IFC ni maandishi. Likishindikana kabisa, mtu atalifungua kwa programu ya kuandikia barua na kusoma kwamba ukuta namba fulani umeambiwa na Bibi. Nyumba inazidi miaka mia. Faili lake lisife kabla ya wajukuu. Na tunachapisha pia michoro kwenye karatasi, seti moja kwa familia na moja kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe, kwa sababu karatasi nayo ina sifa zake.

Watu wa Unguja hatuhitaji kuhubiriwa juu ya hili. Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakafa. Siku jengo linapoanguka, kilichoandikwa kabla ndicho unachoanza nacho. Paris waliliona hilo kwenye moto wa Notre-Dame wa 15 Aprili 2019. Andrew Tallon, mwalimu wa historia ya sanaa kutoka Marekani, alikuwa amelipima kanisa lile kwa leza miaka kadhaa kabla; alifariki Novemba 2018 na hakuuona moto. Kinachosahaulika ni kwamba wasanifu wawili wa Kifaransa, Rémi Fromont na Cédric Trentesaux, nao walikuwa wamepanda darini na kupima magogo ya paa moja moja. Kujenga upya paa la miti kulihitaji kujua mti mmoja umeungana vipi na mwenzake, na hilo linataka mtu mwenye futi aliyekwenda kuchungulia.

Je, kila kazi ya Mji Mkongwe ifanywe hivi? Hapana. Ukibadilisha bati au ukitengeneza choo kimoja, futi na daftari la mraba vinatosha, na atakayekuuzia modeli anakutia hasara. Lakini nyumba ikishaguswa kuta zinazobeba, au ikiwa na warithi zaidi ya watatu, mimi sasa siingii bila modeli, na siingii na modeli isiyo na kisanduku cha “Tumejuaje”. Programu yoyote itafanya. Kisanduku hicho unakitengeneza kwa dakika tano.

Wiki hii mzee na vijana wake wanashona ile kona. Mjukuu wa Bibi, anayesoma kompyuta, amekabidhiwa faili; kila jiwe likifunguliwa anapiga picha, anabadilisha “imekisiwa” kuwa “imeonekana” na kutia jina lake. Ghorofa ya juu tutaifungua masika yakipita. Kule juu kuna chumba kimoja kipana kuliko vingine, na nahitaji korija moja ya boriti zilizokauka, urefu mita 3.2, zisiwe za kupinda. Mwenye kujua zilipo aniandikie, bei tutazungumza.